Mji Huru wa Danzig na Msimamizi Asiye na Askari: Mashauri kwa Mwalimu wa Historia

Miongoni mwa sentensi ambazo watoto wa madarasa ya juu huzinakili kwa wepesi bila ya kuzielewa, mojawapo ni hii: "Shirikisho la Mataifa lilishindwa kwa sababu halikuwa na jeshi." Niliwahi kukaa nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, nikamsikiliza mwalimu mwanafunzi akiisoma sentensi hiyo mara mbili na kuiandika ubaoni. Mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, lilishindwa kufanya nini hasa?" Mwalimu akajibu kwamba lilishindwa kuzuia vita, kisha akafuta ubao. Mtoto hakuuliza tena. Swali lake lilikuwa bora kuliko somo zima, na kwa kuwa nilikuwa msimamizi wa mazoezi yale, nilipaswa kumsaidia mwalimu yule aone hivyo. Nami siku ile sikuwa na mfano wa kumpa.

Makala haya yanakusudia kutoa mfano huo. Ni habari za mji mmoja wa bandari ulioitwa Danzig, ambao kuanzia mwaka 1920 hadi 1939 haukuwa wa nchi yoyote, bali uliwekwa chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa. Mji ni mdogo, ugomvi wake unaeleweka, na kazi ya msimamizi wake yaweza kuigizwa na watoto wa miaka kumi na mitatu. Mwalimu atakayeufahamu mji huu vizuri hatahitaji kusema kwamba Shirikisho "lilishindwa". Watoto wataona wenyewe ni wapi lilipoweza na ni wapi mkono wake haukufika.

Mahali na watu wake

Yafaa somo lianzie nje ya darasa, kwenye mchanga. Mwalimu achore pwani ya kusini ya Bahari ya Baltiki kwa kijiti, kisha achore mto Vistula ukitoka kusini, ukipita Warszawa, ukimwaga maji baharini. Karibu na mdomo wa mto huo aweke jiwe. Hilo ndilo Danzig. Nafaka na mbao za nchi ya Polandi zilishuka kwa mto huo kwa mamia ya miaka, na bandari ikatajirika. Tangu karne ya 15 mji ulikuwa chini ya wafalme wa Polandi huku ukijitawala katika mambo yake mengi. Wafanyabiashara wake walikuwa wengi wao Wajerumani kwa lugha. Kisha Polandi yenyewe ikagawanywa na majirani zake watatu, yaani Urusi, Austria na Prussia, hata ikatoweka katika ramani ilipofika mwaka 1795. Danzig ilichukuliwa na Prussia mwaka 1793, na baadaye ikawa sehemu ya Ujerumani.

Polandi ilipofufuka mwaka 1918, mwisho wa vita vikuu vya kwanza, palizuka tatizo ambalo mwalimu hana budi kulieleza taratibu, maana ndilo kiini cha habari yote. Rais Wilson wa Marekani alikuwa ametangaza mwezi Januari 1918 kwamba Polandi mpya ipate njia huru na salama ya kufika baharini. Vilevile ilisemwa siku zile kwamba watu wasihamishwe kutoka utawala mmoja hadi mwingine kama mali. Kanuni zote mbili zilikuwa za haki. Lakini njia ya Polandi ya kufika baharini ilikuwa Danzig, na wakazi wa Danzig, zaidi ya tisa katika kila kumi, walisema Kijerumani na walitaka kubaki Wajerumani. Ukitimiza haki ya huyu unaivunja ya yule.

Hapa mwalimu asimame. Awaulize watoto wangefanya nini. Katika madarasa niliyoyaona, aghalabu watoto hutoa majibu matatu: apewe Mpolandi, aachiwe Mjerumani, au wagawane. Mara chache hutokea mtoto akasema, "Asipewe mtu." Hilo ndilo jibu lililotolewa Versailles mwaka 1919. Wapolandi waliudai mji wote. Waziri Mkuu wa Uingereza, Lloyd George, alipinga, akihofia kwamba kuwatia Wajerumani wengi chini ya Polandi kungezaa vita vingine. Basi vifungu vya 100 hadi 108 vya Mkataba wa Versailles vikaamua kwamba Danzig, pamoja na mashamba na vijiji vinavyouzunguka, iwe Mji Huru. Uliundwa rasmi tarehe 15 Novemba 1920. Hakuna upande uliofurahi.

Jinsi mji ulivyoendeshwa

Sehemu hii isichukue muda mrefu darasani, ila mwalimu mwenyewe aijue barabara. Mji ulikuwa na Bunge lake, Seneti yake iliyofanya kazi ya serikali, mahakama, polisi, stempu, na tangu mwaka 1923 sarafu yake iliyoitwa guldeni. Polandi ilipewa kuuwakilisha mji huo mbele ya mataifa ya nje, kuuingiza katika eneo moja la ushuru wa forodha na Polandi, kuendesha reli, na kuitumia bandari bila kizuizi. Bandari yenyewe haikukabidhiwa upande wowote. Iliendeshwa na bodi yenye wajumbe wa Danzig na wa Polandi kwa idadi sawa, na mwenyekiti kutoka Uswisi, nchi isiyofungamana na upande wowote.

Juu ya wote hao alikaa Kamishna Mkuu wa Shirikisho la Mataifa. Kwa muda wa miaka ile kazi hiyo ilishikwa na watu wa Uingereza, Italia, Uholanzi, Denmark, Ayalandi na Uswisi. Alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kusikiliza magomvi baina ya Danzig na Polandi na kutoa uamuzi. Asiyeridhika aliweza kukata rufani kwa Baraza la Shirikisho huko Geneva. Ya pili ilikuwa kuangalia kwamba katiba ya mji, ambayo ilidhaminiwa na Shirikisho, haivunjwi. Kwa kazi zote mbili alipewa nyumba, makarani na karatasi. Askari hakupewa hata mmoja.

Mwanafunzi asielezwe jambo hili kama kasoro mara moja. Hakimu wa mahakama ya mwanzo pia hana bunduki mezani pake. Watu humtii kwa sababu wanajua kwamba nyuma yake ipo serikali, na kwa sababu wengi wao, hata wakishindwa kesi, hupendelea hukumu kuliko mapigano. Swali ni je, nyuma ya Kamishna palikuwa na nani?

Kisa cha masanduku ya barua

Katika magomvi mengi ya miaka ile, na hukumu za Makamishna zilihesabika kwa makumi, naona kisa kimoja kinafaa kuliko vyote kwa darasa la watoto.

Mkataba uliotiwa sahihi na Danzig na Polandi mwaka 1920 uliiruhusu Polandi kuwa na huduma yake ya posta katika bandari ya Danzig, ili barua zake zipite moja kwa moja. Polandi ikapata jengo mjini na kufungua ofisi ya posta. Tarehe 5 Januari 1925 wakazi wa Danzig waliamka wakakuta masanduku ya barua ya Polandi yametundikwa katika kuta za mitaa yao. Kulikuwa na hasira kubwa. Watu waliyapaka masanduku hayo rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, yaani rangi za bendera ya zamani ya dola ya Ujerumani. Seneti ikalalamika kwamba posta ya Polandi ilipaswa kubaki ndani ya jengo lake na kuzitumikia ofisi za Polandi tu, si kugawa barua mitaani kama vile mji ni wake. Polandi ikajibu kwamba posta isiyo na sanduku wala tarishi si posta.

Kamishna Mkuu wa wakati ule, Mwingereza MacDonnell, aliamua kwa upande wa Danzig. Polandi ikakata rufani. Baraza la Geneva likaipelekea shauri hilo Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa huko The Hague, na majaji wa mahakama ile wakakaa kusikiliza habari za masanduku ya barua. Tarehe 16 Mei 1925 wakatoa maoni kwamba hakuna jambo lolote linaloifunga posta ya Polandi ndani ya kuta za jengo lake. Yaweza kuweka masanduku, kutuma matarishi na kuwahudumia watu wote, mradi tu iwe ndani ya eneo la bandari. Basi likazuka swali jingine, kwamba bandari huishia wapi na mji huanzia wapi? Wataalamu wakateuliwa, wakachora mpaka, na Baraza likaupokea mwaka uo huo. Masanduku yakabaki.

Kwa igizo hili mwalimu anahitaji maboksi matupu ya chaki. Kabla ya somo ayaweke matatu au manne madirishani na mlangoni pasipo kusema neno. Darasa ligawanywe mafungu matatu: Seneti ya Danzig, serikali ya Polandi, na Kamishna pamoja na washauri wake. Kila fungu lipewe karatasi yenye maneno ya mkataba kwa ufupi: "Polandi inaruhusiwa kuwa na huduma ya posta katika bandari ya Danzig." Maneno hayo yanatosha, maana ugomvi wote umo ndani ya neno "katika bandari". Fungu la Kamishna likae kando, lisikilize, liulize maswali, kisha liamue na kutaja sababu. Mwalimu asitoe hukumu ya The Hague mpaka watoto wawe wamekwisha toa yao. Na wasipoafikiana na majaji wale, isionekane kuwa wamekosa. Kamishna mwenyewe aliamua kinyume cha walivyoamua wao.

Mwalimu atahadhari na jambo moja. Watoto wetu wengi wamewajua Wajerumani kupitia habari za Maji Maji, na yamkini watataka Danzig ishindwe kwa ajili hiyo. Nimeona fungu la Seneti likikataa kuigiza. Waelezwe kwamba mchuuzi wa samaki wa Danzig aliyeamka akakuta sanduku la nchi nyingine ukutani pake alikuwa na hofu ya kweli, kama vile tarishi wa Kipolandi alivyokuwa na haki ya kweli.

Baada ya igizo mwalimu aulize ni kwa nini hukumu hii ilitiiwa. Jibu watakalofikia, wakiongozwa, ni kwamba mwaka 1925 pande zote mbili zilikuwa dhaifu, zilihitaji amani, na zilitaka kuonekana waungwana mbele ya mataifa. Ujerumani yenyewe iliingia katika Shirikisho mwaka uliofuata. Nyuma ya Kamishna palikuwa na haya ya watu na haja yao. Si kidogo, kwa miaka kumi na mitatu hivi ilitosha.

Tanganyika na Danzig

Ipo sababu ya kumfanya mtoto wa Tanzania aone kwamba habari hii si ya ng'ambo tu. Mkataba uleule wa Versailles ulioitoa Danzig mikononi mwa Ujerumani ndio uliomnyang'anya Mjerumani makoloni yake, kwa kifungu cha 119. Tanganyika ikatiwa chini ya Uingereza, na Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji, kwa udhamini wa Shirikisho lilelile. Huko Geneva iliundwa Tume ya Kudumu ya kuangalia nchi zilizodhaminiwa.

Mwalimu awalinganishie wanafunzi. Danzig ilikuwa na msimamizi aliyekaa mjini, aliyeweza kutoka barabarani na kujionea. Tanganyika haikuwa naye. Tume ilikaa Geneva na kusoma taarifa ya kila mwaka iliyoandikwa na mtawala yuleyule aliyepaswa kuangaliwa. Mwananchi aliyetaka kulalamika ilimbidi apitishie barua yake kwa serikali anayoilalamikia. Na mtu wa Danzig alikuwa na katiba na kura, ilhali mtu wa Tanganyika hakuwa na kimojawapo. Mwalimu akiuliza kwa nini usimamizi ulikuwa wa namna mbili, aache watoto wajibu wenyewe. Hujibu bila ya kusita.

Miaka ya mwisho

Makuli wa Danzig walikataa kupakua zana za vita za Polandi katika kiangazi cha 1920, wakati Polandi ilipokuwa ikipigana na Urusi. Polandi haikusahau. Umbali wa kilometa 20 hivi, katika kijiji cha wavuvi kilichoitwa Gdynia, ilijenga bandari yake yenyewe, ambayo katika miaka ya 1930 iliipita Danzig kwa wingi wa shehena. Hivyo mji ukaanza kuogopa njaa juu ya hofu yake ya kutawaliwa, na hofu hizo zikavunwa na chama cha Hitler. Katika uchaguzi wa Mei 1933 chama hicho kilipata viti 38 kati ya 72 vya Bunge la Danzig.

Tangu hapo kazi ya Kamishna iligeuka. Zamani aliamua kati ya pande mbili zenye kuogopana. Sasa alitakiwa kuilinda katiba dhidi ya serikali ya mji wenyewe. Kamishna wa wakati huo alikuwa Seán Lester wa Ayalandi, aliyepata kuwa mwandishi wa magazeti. Vyama vya upinzani na Wayahudi walimpelekea malalamiko: mikutano ilivunjwa, magazeti yalifungwa, watu walipigwa. Naye alipeleka taarifa Geneva. Mwezi Agosti 1935 Seneti ilitoa amri iliyomwezesha hakimu kumwadhibu mtu kwa tendo lisilokatazwa na sheria yoyote iliyoandikwa, mradi tu "hisia njema za watu" zinalihukumu. Shauri likaenda The Hague tena. Tarehe 4 Desemba 1935 mahakama ikasema kwamba amri hizo zinapingana na katiba, maana raia ni lazima ajue mapema ni lipi lililo kosa.

Maoni yale yalikuwa wazi kama yale ya masanduku ya barua, na mahakama ilikuwa ileile. Mwalimu ayaandike mashauri mawili ubavuni kwa ubavu ubaoni, 1925 na 1935, kisha awaulize watoto ni nini kilichobadilika. Si mahakama, si mkataba, wala si Kamishna. Kilichobadilika ni kwamba upande mmoja haukuona haya tena, na nyuma yake palisimama Ujerumani, ambayo ilikuwa imetangaza kujitoa katika Shirikisho mwezi Oktoba 1933.

Mwezi Juni 1936 manowari ya Kijerumani Leipzig ilitia nanga Danzig, na nahodha wake hakwenda kumwamkia Kamishna kama ilivyokuwa desturi. Kwa adabu za mataifa, huko ni kumpita mwenye nyumba mlangoni bila ya salamu. Tarehe 4 Julai Rais wa Seneti, Greiser, alihutubia Baraza huko Geneva akidai Kamishna aondolewe. Alipokuwa akitoka aliwafanyia waandishi wa habari ishara ya dhihaka ya kitoto. Siku nne tu kabla ya hapo, katika mji huohuo wa Geneva, Mfalme Haile Selassie alikuwa amesimama mbele ya Mkutano Mkuu wa Shirikisho kuwaeleza jinsi Waitalia walivyoiteka nchi yake kwa mabomu na gesi ya sumu. Wajumbe waliomsikiliza hawakumrudishia nchi. Greiser aliona hayo, na yeyote aliyeyaona hakuhitaji kumwogopa karani wa Geneva.

Baraza liliiachia Polandi ishughulikie habari ya manowari. Lester alipewa cheo cha juu huko Geneva, na mwaka 1937 akaja Burckhardt, Mswisi, ambaye ilifahamika kwamba asiingilie sana mambo ya ndani. Chama cha wasoshalisti kilipigwa marufuku mwaka 1936, na kile cha Wakatoliki mwaka 1937. Wayahudi wa mji, walioona kwamba barua zao hazimletei mtu nafuu, waliuza sinagogi yao kuu ili wapate nauli za kuwapeleka watu wao ng'ambo. Ikabomolewa mwaka 1939. Kamishna alikuwapo mjini wakati wote huo, na bendera ya ofisi yake haikushushwa.

Tarehe 1 Septemba 1939, alfajiri, manowari Schleswig-Holstein, iliyokuwa imeingia bandarini siku chache kabla kwa jina la ziara ya kirafiki, iliupiga mizinga ulinzi mdogo wa Wapolandi uliokuwa Westerplatte, mdomoni mwa bandari. Siku iyo hiyo Burckhardt aliamriwa aondoke, na mji ukatangazwa kuwa sehemu ya Ujerumani. Na asubuhi ileile polisi wa Danzig pamoja na askari wa Hitler walilishambulia jengo la posta ya Polandi, ile posta ya masanduku. Matarishi na makarani walijilinda kwa muda wa zaidi ya saa kumi na mbili, mpaka jengo lilipotiwa moto. Waliotoka wakiwa hai, wengi wao walihukumiwa na kupigwa risasi mwezi Oktoba.

Mwalimu akifika hapa, maboksi ya chaki yawe bado yapo madirishani. Ayaondoe mwenyewe, kimya, asimtume mtoto. Kisha arudi kwenye ramani ya mchanga na kuandika kando ya jiwe jina ambalo mji huo unalo leo, Gdańsk, katika nchi ya Polandi. Wakazi wake wa Kijerumani karibu wote walikimbia au walifukuzwa mwaka 1945 na miaka iliyofuata, na Wapolandi waliotoka kwingine wakaingia katika nyumba zao. Patakuwa na mtoto atakayeuliza kama huo ni mji uleule. Dakika kumi za mwisho ziachwe kwa ajili yake.